Mwana wa Mhunzi na Jina Lake

Mtoto azaliwapo hana nguo, hana meno, wala hana neno. Lakini jina la ukoo huwa limekwisha kumngoja. Hakulichagua, hakulitolea jasho, wala hakuulizwa kama alitaka kulichukua. Hulivaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine aliyekufa zamani, na kwa kanzu hiyo atajulikana shuleni, sokoni, mahakamani, na mwisho juu ya kaburi lake. Kwa sababu hiyo swali moja hurudi katika kila kizazi. Je, mtu arithipo jina hurithi kitu gani? Hurithi heshima ya waliomtangulia, au deni lao, au sauti tupu isiyo na kitu ndani yake ila kile atakachokitia mwenyewe?

Wahenga wa Kiswahili walijibu sehemu ya swali hili waliposema kuwa mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kwa rai yao, mtoto aliyelelewa kando ya fuawe, hata kama mkono wake haukujaliwa kufua chuma, atashika japo mivukuto apulize moto wa baba yake. Methali hii ni kweli kwa kijiji ambacho mwana hufundishwa kazi na mzazi wake. Lakini iko nchi moja ambako wana wa wahunzi wamekuwa mamia ya maelfu, na karibu wote hawasani wala hawavukuti. Nchi hiyo ni Uingereza, na jina la wana hao ni Smith, maana yake mhunzi. Historia ya jina hilo yafaa kuwa mizani ya kupimia swali lililotajwa, kwa kuwa hakuna jina la ukoo la Kiingereza lililochukuliwa na watu wengi zaidi, wala wenye hali mbalimbali zaidi.

Neno lenyewe ni la kale kuliko desturi ya majina ya ukoo. Mwaka 1605 mwandishi Richard Verstegan alidhani kuwa limetokana na tendo la kupiga, kwa kuwa mhunzi hupiga chuma, na kwa kuwa maneno mawili hayo katika Kiingereza hukaribiana kwa sauti. Wataalamu wa lugha waliokuja baadaye hawakuliafiki wazo hilo. Wao huona kuwa asili ya neno ni ufundi: mtu mwenye kuunda kitu kwa ala kali na mkono uliozoea. Karibu na mwaka 975 mtu aitwaye Ecceard aliandikwa pamoja na neno hilo katika pande za Durham, kaskazini ya Uingereza. Wakati huo halikuwa bado jina la ukoo. Lilikuwa habari ya kweli juu ya mtu mmoja: huyu ndiye Ecceard afuaye chuma. Alipokufa, habari hiyo ilikufa naye, na mwanawe akiwa mvuvi aliitwa mvuvi.

Baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, mabwana wa ardhi walianza kurithisha majina yao pamoja na mashamba yao. Desturi hiyo ilishuka polepole kutoka kwa matajiri hata ikawafikia maskini, na kufikia mwaka 1400 hivi nyumba nyingi za Kiingereza zilikuwa na jina lisilobadilika kutoka kwa baba hata kwa mwana. Majina hayo yalichimbwa katika visima vinne. Mengine yalitoka katika mahali mtu alipokaa, mengine katika jina la baba yake, mengine katika lakabu aliyopewa na jirani zake kwa wema au kwa dhihaka, na mengine katika kazi ya mikono yake.

Serikali nayo ilikuwa na haja yake. Mtoza kodi hapendi kijiji chenye kina John ishirini wasiotofautishwa. Kodi ya kichwa ilitozwa katika miaka ya 1377, 1379 na 1381, na madaftari yake yalijaa majina ya watu wadogo ambao kabla ya hapo hapana karani aliyejali kuwaandika. Kodi ya mwisho iliwasha uasi mkubwa wa wakulima, na kiongozi wao mmoja, Wat Tyler, alichukua jina lenye maana ya mwezeka vigae. Kisha mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila kanisa liwe na daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Tangu hapo jina lilifungwa katika maandishi, na haikuwa rahisi tena kulibadili kama mtu abadilivyo kofia. Inastaajabisha kuwa Cromwell huyo alikuwa mwana wa mtu wa Putney aliyefanya kazi ya uhunzi na ya kupika pombe, na ambaye mara nyingine aliandikwa kwa jina la Smyth. Mwana halisi wa mhunzi alikwenda kwa jina jingine, na kwa amri yake maelfu ya watu ambao babu zao waliacha nyundo zamani walifungwa katika jina la mhunzi daima.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini jina hili lilienea kuliko mengine. Jibu jepesi ni kuwa wahunzi walikuwa wengi, lakini jibu hilo halitoshi. Wakulima walikuwa wengi mara mia, na walioitwa kwa jina la mwenye kulima kwa plau ni wachache. Sababu ni kuwa jina hutolewa ili litenge mtu na wenzake. Katika kijiji ambamo kila mtu hulima, kumwita mtu mkulima ni sawa na kutomwita kabisa. Mhunzi alikuwa mmoja, au wawili wakizidi. Hapana shamba lililolimwa pasipo yeye, hapana farasi aliyevishwa chuma kwatoni, hapana mlango uliopata bawaba. Kila mtu alimhitaji, na hapana aliyemchanganya na mwingine. Basi jina lilikuwa adimu katika kila kijiji, na kwa kuwa vijiji vilikuwa maelfu, likawa jina la wote. Kilichokuwa alama ya kumtambua mtu mmoja kimekuwa leo jina la kumfichia mtu. Msafiri atakaye asijulikane hujiandikisha hotelini kwa jina la Smith.

Waingereza hawakuwa peke yao katika jambo hili. Wajerumani wana Schmidt, Wafaransa wana Lefebvre, Wahungari wana Kovács, Waitalia wana Ferrari, na Waarabu wana Haddad. Wote hao ni wana wa fuawe moja. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wasomao Ratibu ya Haddadi hulitaja jina la mhunzi pasipo kumfikiri mhunzi. Mtunzi wake, Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim katika Hadhramaut, aliyeishi kati ya mwaka 1634 na 1720, alikuwa sharifu na mwalimu, naye alipofuka macho angali mtoto. Jina lake hutukuzwa kwa elimu na ucha Mungu, wala hapana amwulizaye alifua majembe mangapi.

Hapa ndipo mizani huanza kuonyesha uzito. Kama jina lingekuwa na nguvu ya kumfanya mtu, wachukuao jina moja wangefanana. Adam Smith, aliyezaliwa Kirkcaldy katika Uskoti mwaka 1723, alipewa jina kamili la baba yake, ofisa wa forodha, ambaye alikufa miezi michache kabla hajazaliwa. Basi alirithi jina zima kutoka kwa mtu ambaye hakupata kumwona, na kazi ambayo jina hilo lilitaja ilikuwa imekwisha kusahauliwa na nyumba yake. Hata hivyo katika kitabu chake kikubwa juu ya utajiri wa mataifa, kilichotoka mwaka 1776, aliingia katika kiwanda cha mhunzi akahesabu misumari. Alisema kuwa mhunzi wa kawaida asiyepata kufua misumari hawezi kutoa zaidi ya 200 au 300 kwa siku, tena mibaya. Mwenye kuizoea kidogo hutoa 800 au 1,000. Na vijana chini ya miaka 20 waliofanya kazi hiyo peke yake walitoa zaidi ya 2,300. Katika kitabu hicho hicho alifundisha kuwa tofauti baina ya mwanafalsafa na mchukuzi wa mizigo njiani haikutoka sana katika maumbile. Imetoka katika mazoea, desturi na malezi. Wakiwa na miaka sita au minane, wazazi wao wenyewe hawakuweza kuwatofautisha kwa jambo kubwa. Neno hilo lilitoka kwa mtu aliyeitwa mhunzi naye ni mwanafalsafa. Ubora haumo katika damu, na kwa hiyo hauwezi kuwamo katika jina ambalo ni kivuli cha damu.

Iwapo ndivyo, mbona watu huyaonea haya majina yao na kuyakimbia? Hugh Smithson, ambaye jina lake lina maana ya mwana wa mhunzi, alioa mwaka 1740 binti wa nyumba iliyorithi mali ya Percy, moja katika koo kubwa za kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1750 alipata sheria ya Bunge ya kumruhusu kuliacha jina lake akaitwa Percy, na mwaka 1766 alipandishwa kuwa Duke wa Northumberland. Jina la mhunzi lilitupwa nje ya mlango wa ngome kama kiatu kilichochakaa. Lakini mtu huyo alikuwa na mwana wa nje ya ndoa, aliyezaliwa Ufaransa na kuitwa kwa jina la Macie. Mwana huyo hakuwa na haki ya cheo wala ya ngome. Alipofiwa na mama yake mwaka 1800 aliliokota jina ambalo baba yake alilitupa, akajiita James Smithson. Akawa mtaalamu wa kemia na wa madini, na alipokufa mwaka 1829 wasia wake uliacha mali ambayo mwishowe ilikwenda Marekani, nchi ambayo hakupata kuikanyaga, ili ijengwe Washington taasisi ya kuongeza na kueneza maarifa kati ya wanadamu. Dhahabu iliyofika ilizidi dola 500,000, na taasisi iliundwa kwa sheria mwaka 1846. Mamilioni ya watu huingia kila mwaka katika majumba ya makumbusho yenye jina la Smithson. Methali husema kuwa mkataa kwao mtumwa. Katika habari hii baba alikikataa kwao akawa bwana mkubwa, na mwana aliyekataliwa ndiye aliyekipa kwao utukufu.

Mtu aweza kujibu kuwa mifano hii ni ya watu waliokuwa huru, walioweza kuchagua jina la kushika na jina la kuacha. Pingamizi hii ni ya haki, na yataka mfano mzito zaidi. Karibu na mwaka 1729 alizaliwa Afrika ya Magharibi mtoto aliyeitwa Broteer, mwana wa mtawala. Angali mdogo nchi yao ilivamiwa, baba yake akateswa hata akafa, naye akapelekwa pwani. Katika merikebu iliyotoka Rhode Island mtu mmoja aitwaye Robinson Mumford alimnunua kwa galoni nne za pombe na kipande cha kitambaa. Kwa kuwa alimnunua kwa mtaji wake mwenyewe, alimwita Venture, neno lenye maana ya bidhaa ya kubahatisha faida. Jina la kwanza la mtoto lilifutwa, na jina la pili lilikuwa kumbukumbu ya biashara.

Venture aliuzwa mara tatu. Bwana wake wa mwisho aliitwa Oliver Smith, naye alikubali kumwuzia uhuru wake. Venture alifanya kazi mchana kwa bwana na usiku kwa nafsi yake, akavua samaki, akalima viazi, akapasua kuni, hata mwaka 1765 akamaliza kulipa zaidi ya pauni 71, akatoka mtu huru mwenye umri wa miaka 36. Kisha aliendelea kununua watu wa nyumba yake mmoja mmoja: wanawe wawili mwaka 1769, mkewe Meg mwaka 1773, na binti yake Hannah mwaka 1775. Meg alikuwa mja mzito aliponunuliwa, na mumewe alifanya haraka ili asije akalazimika kumnunua mtoto pia baada ya kuzaliwa. Mwanadamu aliyepatwa na hesabu kama hiyo hana haja ya kufundishwa maana ya urithi. Alijua kuwa mwanawe angeweza kuzaliwa na bei kabla hajapata jina.

Baada ya hayo yote alijiita Venture Smith. Watu wengi watashangaa kwa nini alichukua jina la mtu aliyempokea fedha kwa kitu kisichouzwa. Wengine watasema alijitia alama ya utumwa kwa hiari. Lakini lazima itazamwe hali yake. Jina la baba yake halikuwa na mtu hata mmoja wa kuliitikia katika nchi ile. Jina la Smith liliweza kuandikwa katika hati ya shamba, katika mkataba, na katika wasia. Alilichukua kama fundi achukuavyo chuma kilichotupwa na adui, akakifua upya kwa moto wake. Alipata zaidi ya eka mia za ardhi na nyumba tatu huko Haddam Neck, katika Connecticut, na mwaka 1798 habari za maisha yake alizozisimulia zilipigwa chapa. Hakuna aliyeitwa mhunzi katika wakati wake aliyefua kitu kigumu zaidi.

Venture Smith hakuwa wa pekee. Katika Marekani mamilioni ya watumwa walipata uhuru wakiwa na majina ya Kiingereza, mengine ya mabwana, mengine waliyoyachagua wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa zaidi ya watu 2,400,000 wa nchi hiyo waliitwa Smith, na zaidi ya mmoja katika kila watano kati yao walikuwa watu weusi. Basi asemaye leo kuwa jina hili ni la taifa fulani au la rangi fulani husema neno ambalo daftari lenyewe hulikanusha.

Zaidi ya hayo, jina moja liliweza kusimama pande mbili za haki katika kizazi kimoja. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, mwana wa Mskoti mwenye bucha aliyehamia Afrika, alijitangazia uhuru wa Rhodesia ili utawala wa wazungu wachache usiondoke. Tendo hilo lilitikisa Afrika nzima, na mwezi uliofuata Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kuwa Uingereza haikuukomesha uasi huo. Kwa miaka mingi masikio ya Waafrika yalilisikia jina la Smith kama mlio wa mlango unaofungwa. Kisha tarehe 16 Oktoba 1968, katika michezo ya Olimpiki mjini Mexico, kijana mweusi wa Marekani aitwaye Tommie Smith alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.83. Alipopanda jukwaa la washindi aliinamisha kichwa akainua ngumi yenye glavu nyeusi, mwenzake John Carlos akafanya kama yeye, kwa ajili ya watu wao waliodhulumiwa. Wote wawili waliondolewa katika timu. Wa kwanza na wa pili walikuwa na jina moja, herufi kwa herufi. Aliyetaka kulipenda jina kwa sababu ya mmoja, au kulichukia kwa sababu ya mwingine, alikosa yote mawili, maana jina halikuwa na hatia wala sifa.

Je, yafuata kuwa jina la ukoo si kitu, na kwamba historia yake ni mchezo wa makarani? La. Mtu ambaye hujifunza kuwa jina lake lilianza katika kiwanda chenye moshi, kwa babu aliyehitajiwa na kijiji kizima, hupata jambo la kumfaa. Hupata kujua kuwa chanzo cha jina hakikuwa cheo, kilikuwa huduma. Mhunzi wa kwanza aliitwa mhunzi kwa sababu ya alichowatendea jirani zake, na siku alipoacha kutenda, jina lingekuwa uongo. Wajukuu walilichukua jina bila ya tendo, na tangu hapo kila mmoja wao anadaiwa. Deni hilo halilipwi kwa kusifu mababu wala kwa kuongeza herufi moja ili jina lionekane la kikabaila. Hulipwa kwa kuwa wa lazima kwa wengine, kama mhunzi alivyokuwa wa lazima, kila mtu kwa kazi aliyo nayo.

Kwa maana hii methali ya wahenga husimama tena. Mwana wa mhunzi asiyesana aweza bado kuvukuta, iwapo mivukuto ni ule wajibu wa kutouacha moto wa utu uzimike mkononi mwake. Asiyesana wala kuvukuta amebaki na chuma cha baridi, na chuma cha baridi, hata kikiwa kizee namna gani, hakikati wala hakilimi. Katika makaburi ya East Haddam lingalipo jiwe la Venture Smith. Maandishi yake husema kuwa alikuwa Mwafrika, mwana wa mfalme, aliyeibwa akauzwa utumwani, na kwamba kwa bidii yake alipata fedha za kununua uhuru wake. Jina la mhunzi lipo juu ya jiwe hilo, na anayelisoma hana haja ya kuuliza ni mhunzi gani aliyelianzisha.